KASORO ZA TELA JIPYA NA MADAI YA DHAMANA

Tela jipya linapoingia katika uwanja wa chama cha msingi, wanachama hukusanyika, Mwenyekiti husema maneno machache, na aghalabu picha hupigwa. Wakati huohuo dereva wa muuzaji, ambaye ana safari ndefu ya kurudi alikotoka, humpa Katibu karatasi atie sahihi. Karatasi hiyo yasema kwamba mali imepokelewa yote, tena katika hali nzuri. Katibu huitia sahihi juu ya boneti ya gari, muhuri wa chama ukapigwa, na kwa kitendo hicho cha nusu dakika muuzaji huwa amepata ushahidi ambao chama kitauona tena siku ya ugomvi.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo ni nani anayelipia uzembe huo. Tela si mali ya Katibu wala ya Bodi. Bei yake hutokana na makato ya kila kilo ya tumbaku iliyouzwa na wanachama, au na mkopo ambao makato hayo yatakuja kuulipa. Likilala bovu msimu wa kupeleka mbolea, au wakati kuni zinatakiwa kwenye mabani, au marobota yanapongoja kupelekwa sokoni, chama hukodi gari la mtu binafsi. Mkulima wa Sikonge au Urambo hulipia basi usafiri mara mbili: mara moja kwa tela lililolala, na mara ya pili kwa gari la kukodi. Benki nayo haisimamishi marejesho kwa sababu ekseli imepinda.

Ukanda huu wa Tabora una historia ndefu ya mambo ya uchukuzi. Katika karne ya 19 karibu mizigo yote iliyopita kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilichukuliwa mabegani na vichwani, hasa na Wanyamwezi, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Tela la tani 5 likijaa hubeba mzigo wa wapagazi zaidi ya 150. Kwa hiyo pini moja ya kuunganishia ikikatika kati ya kijiji na soko, ni sawa na msafara mzima wa zamani kuketi chini.

Misafara ile ilikuwa na desturi moja ambayo vyama vya leo vingefaa kuifuata. Siku ya kwanza haikwenda mbali. Ilipiga kambi karibu na mji ilikotoka, ili mzigo uliofungwa vibaya ufungwe upya na kilichosahauliwa kifuatwe kabla ya nyika kuanza. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 kuelekea Unyanyembe, kambi yake ya kwanza ilikuwa Shamba Gonera, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Hivyo ndivyo tela jipya linavyotakiwa kujaribiwa: karibu na muuzaji, au angalau mbele ya mtu wake, kabla ya kupelekwa kijijini ambako hakuna anayeweza kuulizwa.

Lakini jaribio lenyewe ni lazima lifanane na kazi. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society, aliyekuwa amezoea magari ya ng'ombe huko kusini mwa Afrika, aliwapeleka ng'ombe wachache kutoka Saadani hadi Mpwapwa ili kuona kama njia ya pwani ingewafaa. Ng'ombe walifika, na ikaonekana kwamba jambo limethibitika. Mwaka uliofuata yakaletwa magari yenyewe na mizigo yake. Mbung'o, mabonde na vichaka vikawashinda. Ng'ombe wengi wakafa, magari yakaachwa, na mizigo ikarudi mabegani mwa wapagazi. Waliosalia katika safari ile walifika Ujiji mwezi Agosti 1878, wakiwa wamepitia Urambo kwa Mtemi Mirambo. Magari hayo hayakuwa mabovu yalipotoka kwa fundi. Kasoro ilikuwa kwamba yalijaribiwa kwa jambo jingine, si kwa kazi iliyokuwa ikiyangoja. Tela linalovutwa tupu mara mbili kuzunguka uwanja wa muuzaji limejaribiwa kwa namna hiyohiyo.

Ukaguzi siku ya kupokea

Katibu asiwe peke yake. Awepo mjumbe mmoja wa Bodi, dereva wa trekta la chama, na fundi asiye na uhusiano na muuzaji. Ujira wa fundi kwa siku moja ni mdogo mno ukilinganishwa na hasara inayoweza kuzuilika. Kazi ifanyike mchana. Tela lililofika jioni lipokelewe kwa maandishi kwamba limefika ila halijakaguliwa, na ukaguzi ufanyike asubuhi. Dereva wa muuzaji akikataa kungoja, maneno "Halijakaguliwa" yaandikwe kwa kalamu juu ya sahihi, katika nakala zote mbili. Maneno hayo hayamdhulumu mtu.

Kwanza kabisa namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilinganishwe na iliyo kwenye ankara na kwenye hati ya dhamana. Namba zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, hati ya dhamana ni ya tela jingine, na dai litakataliwa bila mabishano. Kibao cha kiwanda kisomwe: uwezo wa tani ulioandikwa hapo ndio unaohesabiwa, wala si ule uliotajwa kwa mdomo.

Baada ya hapo uangaliwe uchomeleaji, hasa mahali mkono wa kukokotea unapoungana na fremu na mahali ekseli inaposhikwa. Rangi nzito mahali pamoja tu si jambo la kupita hivihivi. Mara nyingine huficha ufa au mshono uliorudiwa. Kisha fremu ipimwe kama imenyooka. Kwa kazi hii futi kamba inatosha: hupimwa kutoka kwenye tundu la pini mpaka ncha ya ekseli upande wa kulia, halafu mpaka ncha ya kushoto. Vipimo viwili vikitofautiana sana, tela litakwenda upande na matairi yatalika kabla ya msimu kwisha, na muuzaji atasema kwamba dereva hajui kuendesha.

Kila gurudumu liinuliwe kwa jeki, likamatwe juu na chini kwa mikono miwili na kutikiswa. Likicheza, beringi haikukazwa au imekufa. Lizungushwe pia na kusikilizwa. Matairi yawe ya ukubwa mmoja na nguvu moja, tena yawe mapya kwa kweli: ubavuni mwa tairi zimo tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa, hivi kwamba 3523 maana yake ni juma la 35 la mwaka 2023. Tairi lililokaa ghalani miaka mingi huweza kung'aa kama jipya na kupasuka kwa mzigo wa kwanza. Tela likiwa la kubinuka, bodi yake ipandishwe ikiwa na mzigo na kuachwa robo saa. Ikishuka yenyewe, au mafuta yakivuja kwenye silinda au mipira, hiyo ni kasoro na iandikwe. Breki na taa ni mambo ya dakika chache, lakini yasiachwe.

Kisha ndipo ifuatwe desturi ya kambi ya kwanza. Tela lipakiwe mzigo unaokaribia uwezo wake na kuvutwa kilomita kadhaa katika barabara ya kawaida ya vumbi. Likirudi, nati zote za magurudumu zikazwe upya, na kila habu iguswe kwa tahadhari kuona kama imepata joto kuliko nyingine. Nati za magurudumu ya tela jipya hulegea safari za mwanzo. Hiyo ni kawaida ya chuma kipya, na asiyezikaza asilaumu kiwanda.

Yote yaliyoonekana yaandikwe juu ya hati ya kupokelea, kwa tarehe, na mtu wa muuzaji atie sahihi. Picha zipigwe kwa simu. Picha ya Mwenyekiti akiwa mbele ya tela haisaidii dai lolote. Picha ya namba ya chesisi na ya mshono wenye ufa husaidia.

Ubaya wa kununua zana bila kukagua haukuanza na vyama. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, uliokuwa na mashamba Kongwa, Nachingwea na hapahapa Urambo, ulianza mwaka 1947 kwa matrekta mengi yaliyokuwa mabaki ya jeshi, yakiwemo yaliyotoka Ufilipino. Katika miezi michache tu sehemu kubwa ilikuwa haifanyi kazi. Waliohusika walikuwa na mainjinia na fedha za dola. Chama cha msingi hakina hata kimoja kati ya hivyo.

Dhamana ni nini hasa

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu kuna mambo mawili yanayoitwa kwa jina moja. La kwanza ni ahadi ya kiwanda au muuzaji iliyoandikwa katika hati ya dhamana: kwamba katika muda fulani, aghalabu miezi 12, kifaa kitakachoharibika kwa ubovu wa chuma au wa utengenezaji kitabadilishwa. Hati hizi karibu zote huacha nje vitu vinavyolika kwa matumizi, uharibifu wa kuzidisha mzigo, na tela lililochomelewa au kubadilishwa na fundi asiyeidhinishwa. Matairi mara nyingi yana dhamana yake peke yake kutoka kwa mtengenezaji wa matairi. Hati isomwe siku ya kununua. Kuisoma siku ya kuharibikiwa ni kuchelewa.

La pili ni ulinzi wa sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo asili yake ni sheria ya Uingereza ya 1893, inasema kwamba mali iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Mali inayonunuliwa kwa mfanyabiashara wa aina hiyo yapasa iwe ya ubora unaofaa kuuzwa. Lakini mnunuzi aliyeikagua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Tena mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayoitakia mali, akategemea ujuzi wake, mali hiyo yapasa kuifaa kazi hiyo. Ila mnunuzi akiomba kitu kwa jina lake la biashara tu, kinga hii ya mwisho huondoka. Kwa sababu hiyo barua ya kuagiza isiandikwe jina la aina ya tela na idadi peke yake. Iandikwe: "Tela linatakiwa kwa kubeba kuni na marobota ya tumbaku, tani 5, katika barabara za vijijini zisizo na lami, likivutwa na trekta la nguvu hii. Tunaomba ushauri wenu kuhusu aina inayofaa." Mstari huo mmoja una thamani kuliko wakili wa baadaye.

Sheria hiyo inatenganisha sharti na dhamana. Sharti la msingi likivunjwa, mnunuzi anaweza kuikataa mali. Ikivunjwa dhamana tu, hawezi kuikataa, bali hudai fidia au kupunguziwa bei. Na hapa pana mtego: mnunuzi akishaipokea mali kwa maana ya kisheria, haki ya kuikataa humtoka, akabaki na dai la fidia tu. Kupokea huko si lazima kuwe kwa maneno. Chama kinachokaa na tela kwa muda unaozidi ule wa busara bila kusema neno, au kinacholifanyia jambo ambalo mwenye mali peke yake angelifanya, kama kulipaka rangi na jina la chama, huhesabiwa kuwa kimelipokea. Maandishi ya rangi ubavuni yangoje ukaguzi kwisha. Kwa upande mwingine, chama kilicholikataa tela kwa haki hakilazimiki kulirudisha kwa gharama zake hadi kwa muuzaji, isipokuwa mkataba umesema hivyo. Inatosha kumjulisha kwamba limekataliwa.

Jambo jingine la kutazamwa katika hati ni maneno kama "dhamana hii inachukua mahali pa dhamana na masharti mengine yote". Muuzaji anayeweka maneno hayo anajaribu kuondoa kwa mkataba kile ambacho sheria imetoa. Wakati wa kuyapinga ni kabla ya kulipa.

Kudai

Kasoro ikijitokeza, kazi ya tela isimame. Kuendelea kulitumia huku likizidi kuharibika ni kumpa muuzaji jibu. Taarifa itolewe kwa simu siku hiyohiyo, na barua ifuate bila kuchelewa, kwani barua ndiyo inayohesabiwa. Haina haja ya kuwa ndefu wala kali. Yatosha iwe hivi:

"Tela lenye chesisi namba hii, tulilolinunua kwenu kwa ankara namba hii ya tarehe hii, limepata ufa kwenye mshono wa mkono wa kukokotea tarehe hii, likiwa limebeba mzigo wa kilo hizi, katika barabara kati ya kijiji hiki na hiki. Picha zimeambatishwa. Tela limesimamishwa uwanjani kwetu na halijaguswa. Tunadai litengenezwe au libadilishwe chini ya dhamana. Tunaomba fundi wenu afike katika siku 7, au mtupe ruhusa ya maandishi ya kulitengeneza hapa kwa gharama zenu. Haki zetu nyingine zote zinabaki kama zilivyo."

Barua ipelekwe kwa mkono na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, au ipelekwe kwa rejista ya posta. Ujumbe wa simu ya mkononi usifutwe.

Kigumu zaidi ni pale tela linapovunjika njiani wakati wa soko, marobota yakiwa juu yake na mawingu yamekusanyika. Fundi wa kuchomelea yuko karibu, bei yake ni ndogo, na wanachama wanapiga kelele. Ndugu wakulima wana haki ya kupiga kelele, maana tumbaku ikilowa hushuka daraja. Hata hivyo Katibu atenganishe mzigo na tela. Mzigo uokolewe kwanza kwa gari la kukodi, na stakabadhi ya kukodi itunzwe, kwa kuwa gharama hiyo ni sehemu ya hasara inayoweza kudaiwa. Tela lifunikwe, lipigwe picha, lingoje. Ikiwa haiwezekani kabisa kulingojesha, muuzaji aombwe ruhusa na ajibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Na kila kifaa kilichotolewa kihifadhiwe ofisini na kibandiko chenye tarehe. Beringi iliyokufa ikitupwa, dai hutupwa pamoja nayo.

Kumbukumbu za mzigo ndizo zinazoshinda au kushindwa. Muuzaji karibu kila mara atasema tela lilizidishiwa. Chama chenye daftari la safari, lililoandikwa tarehe, dereva, aina ya mzigo na kilo zake, kinaweza kujibu. Marobota yana hati za uzani, kwa hiyo hayasumbui. Kinachosumbua ni kuni mbichi, ambazo hakuna anayezipima na ambazo ni nzito kuliko zinavyoonekana. Ukweli usemwe pia: yapo matela yaliyovunjika kwa sababu dereva alipakia mpaka springi zikageuka, na dai la namna hiyo lisipelekwe. Chama kikijulikana kwa madai ya uongo, la kweli nalo halitasikilizwa.

Lipo swali la nani adai. Kama tela lilinunuliwa na chama cha msingi chenyewe, kidai chenyewe. Kama Chama Kikuu kilinunua matela mengi kwa pamoja na kuvigawia vyama, mkataba ni kati ya Chama Kikuu na muuzaji, na barua ya chama cha msingi inaweza kujibiwa kwamba haijulikani. Katika hali hiyo taarifa iende Chama Kikuu siku ileile, nacho kipeleke dai kwa jina lake. Kukaa na taarifa mezani kwa majuma matatu ngazi yoyote ile ni kumla mkulima.

Muuzaji asipojibu, au akikataa, iandikwe barua ya pili yenye siku maalumu ya mwisho, na nakala ziende kwa Afisa Ushirika wa wilaya. Kama kasoro inaelekea kuwa ya kiwango, suala lipelekwe Shirika la Viwango. Kama ni udanganyifu katika maelezo ya mali, Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria ya 2003 ndiyo ya kuarifiwa. Utaratibu wa kusuluhisha migogoro ndani ya ushirika haumfungi mfanyabiashara aliye nje, hivyo mwisho wa njia ni mahakama. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Ni mingi, lakini mashahidi huhama na picha hupotea mapema zaidi. Kabla ya kwenda huko Bodi ipime kwa hesabu: fidia inayotarajiwa, gharama za wakili na safari, na siku ambazo tela litakuwa limesimama. Mara nyingine kupunguziwa bei kwa kiasi cha haki, leo, ni bora kuliko hukumu ya miaka miwili ijayo. Uamuzi huo ni wa Bodi na uandikwe katika kumbukumbu za kikao. Katibu asiufanye kwa simu peke yake na muuzaji.

Tela likirudi limetengenezwa, likaguliwe kama lilivyokaguliwa siku ya kwanza. Muuzaji aandike ni kifaa gani kimebadilishwa, na kama kifaa kipya kina dhamana mpya au kinamalizia ile ya zamani. Jambo hili lisipoulizwa huzua ugomvi wa pili. Karatasi zote, tangu barua ya kuagiza hadi hati ya fundi, ziwekwe katika jalada moja la tela hilo, namba ya chesisi ikiandikwa juu ya jalada, na tarehe ya mwisho wa dhamana iandikwe katika kalenda ya ofisi mwezi mmoja kabla, ili tela likaguliwe mara ya mwisho wakati dai bado linaweza kupokelewa.